Trena smati ya bei ya chini: anunue sasa au asubiri?

Dada mmoja ameniuliza swali ambalo nalipata sana, nalifupisha hapa. Anafanya kazi za zamu, akitoka kazini ni usiku na barabarani gizani hataki kuendesha. Ana baiskeli ya barabarani ya zamani kidogo, fremu ya alumini, gia 9 nyuma. Uzito wake kilo 62, anakaa ghorofa ya pili, na baada ya miezi michache anataka kumaliza safari ya kilomita 100 na wenzake. Ameona trena smati ya bei ya chini, yaani mashine ya kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba inayounganishwa na apu ya simu au kompyuta na kujibana yenyewe kuiga mlima, ile ambayo gurudumu la nyuma linabaki mahali pake na tairi linakandamizwa kwenye rola, imeandikwa usahihi wa asilimia 5, mwinuko mpaka asilimia 6, nguvu mpaka wati 800. Wenzake wanamwambia hiyo ni takataka, avumilie ajikusanye anunue ile ambayo unatoa gurudumu kabisa na kufunga fremu kwenye mashine. Anauliza anunue au asubiri.

Dada yangu, kwa hali yako wewe mi nasema nunua, ila kuna mambo lazima uyajue kabla hujatoa hela, maana zile namba tatu ulizonitajia karibu zote zinawatisha watu pasipo sababu, halafu kile chenye shida ya kweli hakijaandikwa kwenye boksi.

Tuanze na hiyo asilimia 6. Watu wakiisoma wanadhani mlima ukizidi hapo mashine itakwama au apu itawazuia kupanda, hapana, hamna kitu kama hicho. Mlima ukiwa mkali kuliko uwezo wa mashine, mashine inabana mpaka mwisho wake na kubaki hapo, na yule mtu wako kwenye skrini anaendelea kupanda kwa wati unazotoa, basi. Unachokosa ni ile hisia ya kubanwa mpaka utafute gia nyepesi. Na hata hiyo hukosi sana, kwa sababu Zwift kwa mfano, ile apu ya kuendesha baiskeli kwenye barabara za mtandaoni, ukiifungua bila kugusa chochote, kile kipimo chake cha ugumu wa trena kiko asilimia 50, maana yake mlima wa asilimia 10 mguuni unausikia kama wa 5, na wa 12 unausikia kama wa 6. Watu wengi wenye mashine za bei kubwa zenye kufika asilimia 16 au 20 wanaendesha hivyo hivyo na hawajawahi kubadilisha. Kwahiyo mashine ya asilimia 6 kwa mpangilio huo inakufikisha kwenye milima mingi sana bila wewe kuona tofauti.

Tena hebu tupige hesabu ya kwako. Kilo 62 zako na baiskeli ya kilo 10, mlima wa asilimia 6, spidi ya kilomita 12 kwa saa, unahitaji kama wati 160. Mlima wa asilimia 10 kwa spidi hiyo hiyo ni kama wati 255, na mtu anayeanza kushikilia wati 255 kwa muda mrefu na kilo 62 huyo hanihitaji mimi, anahitaji timu. Na wati 800 ni mbio za sekunde chache za mtu aliyeiva, kwako ni karibu wati 13 kwa kila kilo ya mwili. Safari ya kilomita 100 haitakudai hiyo hata mara moja. Hizo namba mbili tuziache hapo.

Sasa usahihi. Hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo wenzako wako nusu sahihi.

Asilimia 5 maana yake ukiwa unatoa wati 150 kweli, mashine inaweza kukuandikia chochote kati ya 142 na 158 hivi. Ile ya kutoa gurudumu ya daraja la kati, mfano Wahoo Kickr Core inayotajwa asilimia 2, ingekuandikia kati ya 147 na 153. Ukiiangalia hivyo tofauti ipo, ila jiulize unaitaka hiyo namba ya nini. Kama mashine yako kila siku inazidisha kwa wati 6, ukapima nguvu zako juu yake hiyo hiyo, ukafanya mazoezi juu yake hiyo hiyo, kosa liko kwenye kipimo na liko kwenye mazoezi vile vile, mguu wako unapata kazi inayotakiwa. Ukitoka 140 ukafika 165 baada ya miezi, umepanda kweli, hata kama ukweli wenyewe ni 134 mpaka 159. Usahihi wa namba yenyewe unauma pale unaposhindana na watu wengine kwenye mbio za mtandaoni, au ukiwa na sensa nyingine ya nguvu kwenye baiskeli ya nje ukataka zilingane.

Kinachoharibu mazoezi ni namba inayohama. Leo inazidisha kwa asilimia 3, keshokutwa inapunguza kwa 4, na wewe hujui, unaona umechoka kwa wati ambazo juzi zilikuwa rahisi, unaanza kujitilia shaka mwili bure. Na mashine za kukandamiza tairi zinahama, ndo tabia yake, kwa sababu nyingi za bei ya chini hazina kifaa cha kupima nguvu moja kwa moja, zinakadiria kutokana na spidi ya rola na kiasi breki ilivyobana, na katikati ya mguu wako na rola kuna tairi la mpira lenye upepo. Upepo ukipungua kidogo, msuguano unabadilika. Tairi likipata moto, unabadilika tena. Ukikaza ile skrubu ya kubania rola nusu mzunguko zaidi ya jana, ndo hivyo, unabadilika tena.

Dawa yake ipo na haina gharama, inataka nidhamu tu. Kabla ya kupanda pima upepo kwa pampu yenye geji, kila siku namba ile ile, mfano psi 100 kama tairi lako linaruhusu, usitegemee kubonyeza kwa kidole gumba. Rola ikaze kwa hesabu: isogeze mpaka iguse tairi, halafu hesabu mizunguko ya skrubu kama kitabu chake kinavyosema, na weka alama kwa maka peni pale unapoishia. Ukishika gurudumu kwa mkono ukalisukuma kwa nguvu lisiteleze kwenye rola, likiteleza ongeza robo mzunguko. Baada ya hapo endesha dakika 10 taratibu mpaka tairi na rola vipate joto, ndo ufanye kalibresheni, ile ambayo apu inakwambia ukanyage mpaka kilomita 30 na kitu kwa saa kisha uache, na mashine inahesabu sekunde mpaka gurudumu lisimame. Ukifanya kalibresheni tairi likiwa la baridi umejidanganya, bora usifanye. Mtu anayefuata utaratibu huu kila siku na mashine ya asilimia 5 anapata data ya kuaminika kuliko mwenye mashine ya gharama anayeipuuza. Na ukiona vumbi jeusi la mpira sakafuni chini ya rola, tairi linateleza au umekaza kupita kiasi, usiliache hivyo.

Halafu kuna jambo la pili ambalo halipo kwenye boksi na kwako wewe mwenye mwili mwepesi ni kubwa kuliko yote. Sababu hasa ya kununua trena smati badala ya ile ya kawaida ni ule mtindo wa ERG, yaani unaiambia mashine nataka wati 150, nayo inabana na kulegeza yenyewe ili ukae 150 hata ukibadilisha kasi ya miguu. Kwa mtu aliyetoka zamu kachoka, akili haitaki kuhesabu chochote, hii ni baraka kweli, unakanyaga tu na zoezi linajiendesha. Lakini mashine ya tairi ina sakafu na ina dari, na zote mbili zinategemea spidi ya gurudumu. Ukiwa kwenye gia kubwa gurudumu linazunguka kasi, na hata breki ikilegea yote bado kuna msuguano wa tairi, kwahiyo mashine haiwezi kushuka chini ya wati fulani. Mtu wa wati 280 haioni hiyo sakafu kamwe. Wewe kama FTP yako, yaani wati unazoweza kushikilia kwa takriban saa nzima, iko kwenye 140, dakika zako za kupumzika katikati ya zoezi zitakuwa wati 70 hivi, na ukiwa gia kubwa mashine itakugandisha kwenye 90 au 100, hupumziki, zoezi linalofuata unaliingia umechoka na unadhani mashine mbovu.

Kwahiyo wewe kaa sahani ndogo mbele, nyuma gia ya katikati, na uiache hapo hapo zoezi zima. Gurudumu linakwenda polepole, sakafu inashuka, na kelele pia inapungua sana, ambayo kwa ghorofa ya pili ni faida juu ya faida. Ukifika kwenye vipande vikali ukaona mashine haifikishi wati ilizoagizwa, hiyo ndo dari, ongeza gia moja au mbili nyuma, si zaidi.

Na usiache miguu izame. Kwenye ERG ukipunguza kedensi, yaani mizunguko ya miguu kwa dakika, kutoka 90 hadi 60 mashine inaongeza ubanaji ili wati zibaki zile zile, kwa hiyo kila mkanyago sasa unataka nguvu zaidi kwa nusu nzima, unachoka, kedensi inashuka tena, inabana tena, mpaka unasimama kabisa kama umeganda kwenye saruji. Ukiona inakuja, usipigane nayo, simamisha zoezi au zima ERG sekunde chache, rudisha miguu 85 au 90 kisha endelea. Mashine za bei ya chini zinachelewa kujibu, sekunde kadhaa, kwahiyo vipande vifupi vya sekunde 15 au 20 usivifanye kwa ERG kabisa, vitakuudhi, vifanye kwa ubanaji wa kawaida na gia zako mwenyewe. Vipande vya dakika 3, 5, 10, 20, hapo ndo mashine hii inafaa, na bahati nzuri kwa mtu anayejiandaa na kilomita 100 karibu kazi yote iko hapo.

Hela sasa. Bei ya mashine si bei ya mashine, na hapa naomba upige hesabu kwa kalamu kabla ya kulinganisha. Ya tairi inataka tairi gumu lililotengenezwa kwa ajili ya trena, maana la kawaida linaliwa haraka na linateleza zaidi, na tairi hilo huwezi kutoka nalo barabarani, kwahiyo kama wikendi utaendesha nje utabadilisha tairi kila mara (hutafanya, hakuna anayefanya baada ya wiki ya tatu) au utafute gurudumu la pili la nyuma na kaseti yake (lile fungu la gia za nyuma). Ile ya kutoa gurudumu haihitaji tairi wala gurudumu ila nyingi zinakuja bila kaseti, unanunua kaseti na funguo mbili za kuifungia, au unamlipa fundi. Kwa gia 9 zako habari ni njema, kaseti ya Shimano ya gia 8 au 9 inaingia kwenye habu (sehemu inayobeba kaseti) ya gia 11 ya barabarani ukiweka ile pete nyembamba ya milimita 1.85 nyuma yake, kwa kawaida inakuja na mashine. Zipo pia mpya zenye meno ya sahani moja tu nyuma ambapo gia zinabadilishwa na programu, zinakubali cheni za gia 8 mpaka 12, nzuri sana na nyepesi kufunga, lakini uhakikishe apu utakayotumia inaziunga mkono maana bila apu hiyo unabaki na gia za mbele tu.

Baiskeli yako ya zamani kama ina ekseli ya kufungua kwa mkono, tumia ile ekseli ya chuma inayokuja na trena, usifunge kwa ile yako nyepesi, vikombe vya trena vinaibana pembeni na za alumini zinaharibika. Fremu ya alumini haina tatizo. Wenye kaboni wasome kwanza dhamana ya mtengenezaji, wengine hawakubali fremu ifungwe kwenye trena.

Feni nunua kabla ya trena, siongezi chumvi. Mwili wa binadamu akiwa anakanyaga unageuza kama robo au pungufu ya nishati kuwa kazi, iliyobaki ni joto, kwahiyo ukitoa wati 150 kwenye pedali mwili wako unatoa joto la wati 450 na zaidi, nje upepo unaliondoa, ndani halina pa kwenda. Bila feni nzuri mapigo ya moyo yanapanda dakika ya 20 huku wati ni zile zile, na watu wanalaumu mashine. Weka feni mbele, iwe kubwa, ielekee kifua. Taulo juu ya hendeli na juu ya bomba la fremu pia, jasho ni chumvi, linaingia kwenye bolti za stemu na beringi za usukani, na chini ya tepu ya hendeli linakula alumini kimya kimya bila wewe kuona. Futa baiskeli kila ukimaliza. Kwa majirani wa chini, tandika mkeka mzito wa mpira, maana kinachowafikia zaidi ni mtetemo kupitia sakafu, mvumo wa rola unabaki humo humo chumbani.

Apu si lazima ulipie. Zwift na TrainerRoad ni za kulipia kila mwezi, MyWhoosh ni bure na ina mazoezi ya ERG ya kutosha, hao ndo waliobeba mashindano ya dunia ya UCI, shirikisho la baiskeli duniani, ya baiskeli za mtandaoni 2024, kwahiyo si kitu cha kubabaisha. Anza na ya bure. Kabla hujanunua mashine yoyote hakikisha imeandikwa Bluetooth FTMS au ANT+ FE-C, hizo ni lugha za wazi ambazo apu nyingi zinazielewa. Mashine inayoongea na apu ya kampuni yake peke yake usiiguse hata ikiwa nusu bei, kampuni zinafungwa, RacerMate waliokuwa wakubwa kwenye fani hii waliacha kutengeneza trena yao ya CompuTrainer 2017, na lugha ya wazi ndo inayokuokoa siku hiyo. Halafu jua kwamba nyingi za bei ya chini zinakubali Bluetooth moja tu kwa wakati mmoja, kwahiyo kompyuta isipoiona mashine, karibu kila mara simu yako iliyo mfukoni ndo imeishika.

Wenzako wanakuwa sahihi lini? Ukijumlisha trena ya tairi, tairi lake na gurudumu la pili, upande mwingine ile ya kutoa gurudumu na kaseti yake, na pengo likabaki dogo, mwezi mmoja au miwili ya kujibana, subiri. Ni tulivu zaidi, haihami, haina habari ya upepo wala kukaza skrubu, na kwa mtu aliyechoka usiku kila hatua unayoipunguza kabla ya kukanyaga ina thamani. Pengo likiwa la nusu mwaka, usisubiri, hiyo nusu mwaka ya kukanyaga mara tatu kwa wiki kwenye mashine hiyo ya tairi ndo inayokufikisha kilomita 100, mashine nzuri ya mwakani haikusaidii safari ya mwaka huu. Na kama moyoni unajua hutafuata programu yoyote, utakanyaga tu huku unaangalia tamthilia, basi hata hiyo smati huihitaji, chukua trena ya kawaida, sensa ya spidi na mkanda wa mapigo ya moyo, unatosheka.

Iliyotumika ya kutoa gurudumu nayo ni njia nzuri sana kama unaweza kuijaribu kwa mkono. Zungusha kwa mkono usikilize, mkanda wa ndani ya mashine ukiteleza unasikia kwikwi, beringi iliyokufa inasaga kama mchanga. Shika kaseti uitikise kushoto kulia, isicheze. Ichomeke umeme, iunganishe na simu yako mwenyewe na si ya muuzaji, kanyaga dakika 10, omba wati 100 kisha 200 uone inapanda na kushuka. Muuzaji asiyekubali dakika 10 hizo, ondoka.

Ukinunua mpya weka boksi na risiti mpaka muda wa kurudisha uishe, na ndani ya siku hizo fanya kalibresheni mara tatu nne kwa siku tofauti, upepo ule ule, baada ya dakika 10 zile zile. Sekunde za kusimama zikikaribiana, mashine yako nzima, endelea na mazoezi. Zikirukaruka mbali wakati wewe umefuata kila kitu, kwanza badilisha tairi, na zikiendelea hivyo hivyo irudishe.